Treni Niliyomfundisha Bupe

Dada Sekela,

Majibu ya mtihani wa darasa la nne yametoka. Shule yetu imepata nafasi mbili tu za shule ya kati, na binti yako Bupe hayumo. Amekosa kwa hesabu moja. Nimemaliza siku tatu sijui nikuelezeje, maana uliponiachia mtoto huyu kule hospitali ya Iringa uliniambia neno moja, "Asome mpaka achoke mwenyewe." Hajachoka, dada. Wamemchosha wengine, na mmoja wao ni mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipepeta maharage huku yeye anakusomea kitabu chake, nawe hujui hata a? Akisitasita unamkazia macho kana kwamba unajua alipokosea. Nilikuwa nakucheka. Sasa nyumba iko kimya, na shemeji, mumeo, ameshasema msichana aliyeshindwa abaki nyumbani ashike jembe. Simlaumu sana. Naye hakusoma, karatasi ya mtihani ameionea mbali.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Treni inakwenda maili thelathini kwa saa. Imeondoka saa sita mchana kwenda stesheni iliyo mbali maili mia tatu. Itafika saa ngapi? Bupe alipata saa kumi za safari, sawasawa kabisa. Lakini akaiendesha treni mpaka jua lilipozama, akailaza, akaiondosha tena alfajiri saa kumi na mbili. Akaandika itafika saa nne asubuhi. Walitaka saa nne usiku.

Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. "Mama mdogo, si hata sisi tulilala Rujewa?"

Nilikaa chini. Safari ile ya kukupeleka Iringa ndiyo safari ndefu pekee aliyowahi kuifanya. Dereva wa lori aligoma kuendelea gizani kwa sababu ya matope, tukalala watatu chini ya turubai, ukamfunika yeye kwa khanga yako nawe unatetemeka kwa homa. Na darasani, mwaka mzima, watoto walipouliza treni ni kitu gani, mimi niliwaambia ni lori refu. Sijawahi kuiona treni, dada. Chuoni walinipa kitabu cha hesabu kimejaa treni na meli, wakanirudisha huku kwetu milimani nikafundishe. Niliona haya kusema sijui mbele ya watoto. Kwa hiyo Bupe hakukosea. Alifuata nilichomfundisha, akajumlisha na alichokiona kwa macho yake.

Bwana Mkaguzi wa shule, anayegawa nafasi, yuko Mbeya mjini mpaka kesho. Nasikia msichana mmoja aliyechaguliwa ameugua na nafasi yake i wazi. Mwalimu Mkuu amenionya: "Ukienda kusema hukijui ulichofundisha, umejiachisha kazi mwenyewe." Ni kweli, na mshahara huu ndio unaotulisha. Mara nasema niache, mara namwona mtoto anaokota karatasi yake, anarudia ile hesabu, anaikunja tena. Nina hasira, dada, na sehemu kubwa ni juu yangu.

Nimeamua kwenda. Nitatembea na Bupe alfajiri, na nitasema yote mbele yake, bila kupunguza. Wakimpa nafasi, nitamfungia mzigo mwenyewe. Wakimnyima na kunifukuza, tutashika jembe pamoja na jioni nitamfundisha ninachokijua kweli, na nisichokijua nitasema sikijui. Hilo nakuahidi.

Pumzika, dada yangu. Sikuwahi kukulilia vizuri, nilikuwa na daftari za kusahihisha.

Tangu Jumatatu mwanao kila akinipita ananiambia, "Samahani, mama mdogo." Kesho atanisikia mimi nikimwomba yeye radhi.

Mdogo wako,
Tusekile