Kipimo Kimoja cha Mifuniko

Wadi Kabir, Maskati

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Mimi sijambo, afya ninayo, na kama kuna kinachonisumbua ni joto tu, ambalo hapa halina adabu hata alfajiri. Vipi mgongo wako? Mama amepata miwani yake? Na wifi, ameacha kununa kuhusu moshi wa karakana unaoingia kwenye nguo alizoanika? Nijibu yote, usiruke kama kawaida yako.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya sauti ya simu. Nimefanya makusudi. Sauti zangu unazifungulia mbele ya mafundi wote, nikifika katikati unasema, "Mtoto wa kike huyu keshaanza," mnacheka, unazima. Barua hii utaisoma peke yako mpaka mwisho, tena kabla ya mkutano wenu na afisa biashara wa halmashauri.

Nimekuelewa vizuri. Huyo afisa anataka karakana zote tatu za mtaani msubu sufuria kwa kipimo kimoja, mfuniko wa huyu uingie kwenye sufuria ya yule. Mzigo ukaguliwe kabla haujatoka, ndipo halmashauri inunue sufuria za shule kwenu badala ya zile za kigeni. Na wewe umesema utakataa, kwa sababu hana sheria ya kukulazimisha, na kwa sababu kalibu za kumiminia za marehemu baba haziguswi. Kaka, wewe ndiye mwenyekiti wao, ukikataa wewe, mafundi wote watakataa. Kazi ya shule itakwenda kwa wenye maduka, na karakana ya baba itafungwa. Hilo la kufungwa ulilisema mwenyewe kwenye simu, tena kwa sauti ya chini, ukadhani sikusikia.

Sasa sikiliza nilichokipata huku. Unajua kazi yangu ni kupokea spea za magari kwenye ghala la Bi Zuwena, yule mama wa Kiomani ambaye wazee wake walitoka Unguja. Spea zetu nyingi zinatoka Japani, na mara kwa mara huja Bwana Onuki, mzee wa Kijapani, kuangalia tunavyozitunza. Safari hii alifungua boksi la beringi, akapima moja, akapima nyingine, halafu akalisukuma boksi zima pembeni. Beringi moja tu ilikuwa imezidi kipimo, kitu kama unywele. Mimi nikanuna, maana fundi wa gereji ya jirani alikuwa amesimama pale anazisubiri. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, mbona moja inaponza boksi zima?

Akacheka, akaketi, akanisimulia habari za kwao baada ya vita. Baba yake alikuwa na karakana ndogo ya vyuma vya cherehani. Miji imeungua, chuma cha shida, na fedha za kigeni za kuagizia vitu zinagawiwa na serikali. Kila karakana ilikuwa na kipimo chake, na kwa makusudi, ili cherehani ikiharibika mteja asiende kwingine. Kaka, hapo nikaona anatusema sisi. Si ndivyo baba alivyotufundisha, kwamba mfuniko wetu usiingie kwenye sufuria ya jirani yetu Fundi Rajabu, ili mtu akiupoteza arudi kwetu? Tukajiona wajanja!

Basi watu wa wizara wakawakusanya wenye karakana, wakakaa na mafundi wakubwa, ukatoka mchoro mmoja wa wote. Baba yake Onuki akawafukuza mlangoni. Hawakumfanya kitu. Walikuja na ushauri tu, lakini aliyesikiliza ushauri ndiye aliyefikiriwa kwanza kwenye chuma na mikopo. Jirani zake wakakubali, vyuma vyao vikaingia kwenye cherehani ya yeyote, vikakaguliwa kabla ya kupanda meli, na kibovu kikarudishwa. Yeye akabaki na kipimo chake na wateja wachache wanaozeeka naye. Mwishowe akaenda mwenyewe kuuomba ule mchoro. Onuki alikuwa mtoto, lakini anakumbuka kwamba siku hiyo baba yake hakula.

Usidhani nimelishwa maneno. Bi Zuwena alikuwa anasikiliza, akadakia: "Mwana we, usimeze kila kitu. Hiyo serikali yao haikuwa ikikosea? Wako wenye viwanda vya magari waloambiwa waungane wakakataa, na leo magari yao yamejaa barabarani. Mie nnasema serikali ikupe njia, usukani ushike mwenyewe."

Onuki akakubali kwamba ni kweli. Akaongeza kwamba magari ya nje yalizuiwa kuingia kwao kwa muda, lakini kila kiwanda kilijua iko siku mlango utafunguliwa, ndiyo maana hawakulala.

Kwa hiyo, kaka, wewe kubali kipimo, ila wakitaka kuwaunganisha, kataa. Kila mtu abaki na karakana yake na jina lake. Mwambie afisa aseme mbele ya wote upendeleo huo wa kununua kwenu utaisha lini, ili msibweteke. Ukaguzi ufanyike hadharani, na sufuria mbovu irudi kwenye tanuri, hata ikiwa yako wewe mwenyekiti. Kalibu za baba zitundike ukutani. Hakuna atakayesema umemsaliti, na akisema, mpe namba yangu. Sina wasiwasi na wewe. Hakuna fundi Tanga nzima mwenye mkono kama wako, na kipimo cha wote ndicho kitakachoonyesha nani anajua kusubu.

Msalimie wifi, na watoto wawekee mikono kichwani kwa niaba yangu. Msalimie shangazi Tatu, mwambie udi wake nimeupata soko la Matrah. Hata Fundi Rajabu msalimie, najua hutaki.

Na Mama mwambie ule mfuniko niliousahau jikoni kwake autumie tu, asihangaike kuutuma. Ni wa ile sufuria uliyonisubia kwa kalibu ya baba siku zile nasafiri. Nimezunguka nayo kwapani maduka yote ya Matrah mpaka wenye maduka wananitania, na hakuna mfuniko unaoingia. Jioni nikipika wali naifunika kwa sahani, mvuke unatoka pembeni, na hapo ndipo nawakumbuka nyote. Nisubie nyingine, ya kipimo cha wote. Ile ya baba siitupi, nitaendelea kuifunika kwa sahani.

Mdogo wako asiyekuogopa,

Mwajuma