Tundu la Kuingilia

Alhamisi, Agosti 1997

Na bado anajiita mtaalamu. Mwalimu wa kompyuta hapa Pasiansi, tunayemjengea tangi la maji, anatengeneza mchezo: unamrushia kiboko mkuki, na huyo kiboko ni duara tu kwenye skrini. Leo aliniita dirishani nimshangilie. Mkuki ukapita tumboni, ukaenda kunasa upande wa pili.

"Hesabu ni sahihi," akasema. "Sijui inakosea wapi."

"Mwalimu, mstari ukikata duara unalikata mara mbili. Bomba likipita kwenye tangi tunatoboa matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Wewe umeshika la kutokea. Shika lililo karibu na mrushaji."

Akabadilisha. Mkuki ukasimama kwenye ngozi. Wala asante.

"Umebahatisha, saidia fundi."

Ndiye huyu aliyekataa kunifundisha kompyuta eti niliishia darasa la saba. Nimetoka Kigoma kuja kubeba zege, na naogopa nitazeekea humo.

Jioni akanifuata na swali. Mkuki ukimkosa kiboko kabisa, kompyuta inagoma. Kwa nini?

Najua. Apime kwanza kutoka katikati ya duara mpaka kwenye mstari. Umbali ukizidi nusu ya upana, hakuna tundu la kutafuta.

Kesho nitamwambia. Ila nitakuwa nimekaa kwenye kiti, mbele ya hiyo kompyuta.