Matairi Uliyomtumia Mama

Nyumbani, meza ya jikoni
Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia mtandao? Mkeo je, na mapacha? Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Nakuandikia, kisha nitaipiga picha barua hii nikutumie, maana nikikupigia simu mama anasikia kila neno.

Nyonga yake iliyovunjika imeunga vizuri, tumshukuru Mungu. Lakini mtaalamu wa viungo amesema bila mazoezi ya kila Jumanne mguu utakakamaa, na hapo hatatembea tena bila kushikwa. Amekosa Jumanne mbili. Anadai mazoezi hayamsaidii. Nikiita teksi ananiuliza gari la baba yenu limekufa lini.

Halijafa. Kisa chote ni yale matairi manne uliyotuma.

Usinune kwanza. Siku yalipofika mama aliyapapasa kama kitambaa kipya. Kweli yanapendeza: mapana, meusi tii, na rimu zake zinang'aa. Lakini gari lile limetuzidi umri mimi na wewe, na lilitengenezewa matairi membamba yenye ubavu mrefu. Ule ubavu ndio uliokuwa ukinesa. Haya yako ubavu ni mfupi, hauna pa kunesea, na fundi wa pancha aliyajaza upepo paundi thelathini na tano kama anavyojaza magari ya siku hizi. Kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye nyonga ya mama. Usukani nao umekuwa mzito, mabega yananiuma hata kuchana nywele ni kazi.

Mwanzoni nilidhani ni springi. Fundi wetu wa magari akazikagua, akasema nzima. Nilikuja kujua kwa kumtazama mama kwenye kioo. Tukikaribia tuta anang'ang'ania mlango na kufumba macho, halafu tukifika ananiambia gari limetulia sana siku hizi. Mama yetu huyu, ambaye chai ikipungua sukari anaisema mpaka jioni!

Basi Jumanne moja, kabla hajatoka ndani, nilipunguza upepo kimyakimya hadi paundi ishirini na mbili. Alisinzia njiani. Nililia kidogo huku naendesha. Lakini fundi alipoona alinigombeza: "Dada, tairi la ubavu mfupi halitaki upepo mdogo. Shimo moja tu, rimu inapinda, nanyi mko barabarani." Nikarudisha upepo. Jumanne iliyofuata mama akashika tena mlango, na baada ya hapo akagoma kabisa.

Fundi ametutafutia matairi ya kipimo cha zamani, na zile rimu zetu za kwanza bado ziko stoo. Anasema tukiweka ishirini na nne mbele na ishirini na sita nyuma, gari litarudi kama lilivyokuwa enzi za baba. Mama hataki kusikia. "Mwanangu kanipa, wewe unitolee? Atajisikiaje?" Nimebembeleza, nimefoka, nimemleta hata shangazi. Wapi! Yuko radhi asitembee, mradi wewe usihuzunike. Na mimi ninayemshika mkono kwenda bafuni sina sauti. Hilo limeniuma, sikufichi.

Kwa hiyo mpigie wewe. Usimwambie yanamuumiza, atakana. Mwambie unataka matairi yako yafunguliwe na kufunikwa stoo, uje uyakute mapya. Kwako atakubali. Fundi anakuja Jumatatu asubuhi, na mazoezi ni Jumanne saa tatu. Piga Jumapili, akishamaliza kula.

Shangazi anakusalimu na anauliza utanenepa lini. Jirani yetu fundi cherehani naye hajambo. Wabusu mapacha, na Mungu awafunike huko mliko.

Mama yuko hapa mlangoni na fimbo yake. Nimemuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Amesema nikuandikie kwamba matairi ni mazuri mno, na kwamba yeye hana tatizo lolote.

Wako akupendaye, hata akiwa amechoka,

Dada yako