Chumvi Chini ya Kapeti

Jumatatu, 4 Novemba

Gari la Baba limezima tena. Kilima cha Gungu, asubuhi, nampeleka Baba kliniki ya presha. Taa ya injini ikawaka, usukani ukawa mgumu, kimya. Vijana wa bodaboda wakatusukuma pembeni. Baba alijikojolea kitini. Tangu apate kiharusi hawezi kujizuia akishtuka. Watu waliona. Akaniambia kwa sauti, wote wasikie: "Ndoa imekufia mkononi, na gari nalo linakufia mkononi."

Nimefua kitambaa cha kiti. Bado kinanuka.

Jumatano, 6 Novemba

Mafundi wa Ujiji wameshabadilisha plagi, koili, pampu ya mafuta. Kila mmoja aliapa kwamba ndiyo yenyewe. Kwenye lami linakwenda vizuri. Likikanyaga shimo, linazima. Baada ya muda linawaka lenyewe kama halikufanya kitu.

Hiyo si pampu. Hiyo ni waya. Nyaya za magari nilijifunza kwenye kibanda cha mume wangu, kabla hajaoa mwingine na kunirudisha kwetu. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kule.

Baba hataki niguse. Anasema tumsubiri Shabani. Shabani ni mdogo wangu, yuko Kasulu. Hajakanyaga hapa tangu Baba aanguke.

Nitagusa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimewasha injini, nimefungua boneti, nikawa natikisa nyaya moja moja. Hakuna kitu. Nikahamia ndani. Kompyuta ya injini imejificha chini ya dashibodi, miguuni pa abiria. Nilipogusa tu soketi yake, injini ikafa. Nikawasha. Nikagusa. Ikafa.

Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Baba, kutoka kwenye kiti chake barazani: "Sasa umelimaliza."

Jumamosi, 9 Novemba

Nimetoa betri, nimechomoa soketi. Pini zimeota kutu ya kijani kama mkate uliovunda. Nyingine zimeliwa kabisa, nilizigusa kwa bisibisi zikakatika. Nikakata waya nipate shaba safi. Ndani nyeusi. Nikakata tena, juu zaidi. Nyeusi.

Maji yamekaa humo siku nyingi. Maji gani? Kioo cha mbele hakivuji. Mlango hauvuji. Nikang'oa kapeti.

Chini yake kuna chumvi. Punje kubwa kubwa, na magamba ya samaki yaliyokauka.

Mimi sijawahi kubeba samaki katika gari hili.

Jumapili, 10 Novemba

Nilimpelekea Baba zile punje kiganjani. Alizitazama, akageuza uso.

"Najua," akasema. "Shabani alikuwa anabeba samaki, migebuka ya chumvi, kutoka Kibirizi kupeleka Kasulu. Nilimruhusu. Yule ana watoto wa kulisha."

Kumbe ndoo zilikuwa zinamwagika hapo mbele msimu mzima, kabla mimi sijarudi nyumbani. Na tangu nirudi, kila mgeni anayekaa kwenye baraza ile ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyeliua gari. Alijua. Alikuwa ananitazama nikiinamisha kichwa, naye anajua.

Nilimuuliza kwa nini. Akaomba maji ya kunywa.

Namchukia. Naandika hivyo.

Maji nilimpa.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilipata soketi nzima Ujiji, kwenye gari lililokatwa vipande kwa ajili ya chuma chakavu. Nimeunga waya kwa waya kwa risasi ya kuyeyusha, nimelala chali, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi. Vidole vimeungua. Pini za upande wa kompyuta nimezisugua kwa mswaki na dawa mpaka zikang'aa. Nimeziba kwa silikoni. Nimerudisha betri.

Limewaka.

Nikalipeleka barabara ya Ilagala. Makusudi. Nikapita kila shimo, hata yale ya kukwepeka. Halikuzima. Ziwa upande wa kulia, vioo chini, mimi nalia huku naendesha. Sijui nilikuwa nalilia nini.

Baba alisikia nikiingia. Akachukua simu yake.

Jumapili, 17 Novemba

Shabani amefika kwa basi. Amenenepa. Viatu vipya. Baba alimshika mkono akalia kama mtoto: "Mwana wanje, mwana wanje." Ni "mwanangu", kwa Kiha chake cha mapenzi. Mimi sikumbuki kuitwa hivyo.

Baada ya chakula Baba akampa funguo na kadi ya gari. Sahihi alitia kwa ule mkono mzima, polepole, ulimi umetoka nje. Nilikuwa naosha vyombo, nawaona.

Shabani akaja jikoni. "Dada, umefanya kazi nzuri kweli."

Nikauliza Baba atakwendaje kliniki. Baba ndiye aliyejibu kutoka barazani: "Bodaboda zipo."

Jumatatu, 25 Novemba

Bodaboda. Dereva mbele, Baba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Ule mguu uliokufa ganzi uliteleza ukaburuzika chini. Kandambili ilipotea, kidole kikachubuka. Hakuhisi kitu. Mimi niliona damu na nikafurahi kidogo.

Jioni Shabani alipiga simu. "Gari linanguruma, Baba!" Baba aliyarudia maneno hayo kwa kila aliyepita njiani.

Jumatano, 4 Desemba

Nilikwenda Kibirizi kununua dagaa. Gari la Baba limeegeshwa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, limejaa ndoo. Kwenye usukani mtu nisiyemjua.

Nilimsalimu. Mpole, mtu wa Ilagala. Alilinunua kwa Shabani, huko Kasulu, wiki ile ile Shabani alipolichukua. Anasema halimsumbui hata kidogo. Nikamwambia asiweke ndoo upande wa mbele. Akashukuru.

Baba sijamwambia. Nataka kuchagua siku.

Ijumaa, 6 Desemba

Wazee wa mtaa walipita baada ya swala, wakakaa barazani. Baba akaanza. Shabani, gari, linanguruma. Nikaweka birika chini, nikasema polepole ili asikose hata neno:

"Baba, Shabani aliliuza gari wiki ile ile. Nimeliona Kibirizi kwa macho yangu. Kwenye simu anakudanganya."

Mzee mmoja akaanza kukohoa. Mwingine akawa anatafuta kandambili zake kwa miguu. Baba alinitazama. Mdomo ukalegea upande ule mbovu, mate yakashuka mpaka kwenye kanzu. Kazi yangu ni kuyafuta. Sikuyafuta.

Waliondoka bila kumaliza chai.

Nilijisikia vizuri. Muda wote wa kuosha vikombe nilijisikia vizuri sana.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Baba hakutaka uji.

Simu yake iliita. Shabani. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

Kisha akaunyanyua ule mkono uliokufa kwa ule mzima, akauweka gotini kwangu. Kucha zimekuwa ndefu. Nikaleta wembe.

Ukucha mmoja niliukata karibu mno na nyama. Nikaendelea na unaofuata.