Mvamizi wa Tovuti ya Baba

Chumba cha nyuma, karakana ya Baba
Jumapili alasiri

Mpendwa kaka,

Hujambo huko? Wifi naye hajambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema si kitu?

Sisi wazima. Mgongo unamsumbua Baba akiinama sana, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atainama badala yake. Mpwa wako ameota jino la pili na analijaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega langu. Usingizi kwangu siku hizi ni kitu cha kusimuliwa. Shemeji yako anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Wewe unapandisha sauti, mtoto naye anapandisha yake, mimi nakata. Barua haina pa kuikatisha, kwa hiyo keti uisome mpaka mwisho.

Kwanza nikushukuru. Tovuti ya karakana uliijenga wewe, kwa ile programu huria ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia bure na kuirekebisha apendavyo. Bila wewe nisingekuwa na kitu cha kurekebisha. Na ilipendeza, sikatai: video inaanza yenyewe, muziki unapiga, picha zinapishana. Shida ni kwamba wanaotafuta kiti cha magurudumu kwa mgonjwa wao wana simu kama yangu, kioo kimepasuka na data ni ya kubania. Walikuwa wakiifungua, inazunguka, inazunguka, wanachoka. Waliovumilia mpaka mwisho bado walipiga simu kuuliza tunafungua saa ngapi. Baba akaniambia, "Hiki kidude cha kaka yako kinaimba tu. Hakisemi."

Basi nikaanza kujifunza, mtoto titini, simu mkononi. Shule yangu unajua iliishia wapi. Lakini watumiaji wa programu hii wana jukwaa lao la kuulizana, na humo yuko mtu anayejiita Babu Kiraka, sijui hata anaishi wapi, ambaye alinijibu kila swali bila kunicheka. Punguza uzito wa picha kabla ya kuzipandisha. Chukua kiolezo chepesi. Sasisha unachokitumia, ondoa usichokitumia. Kaka, ulikuwa umebandika viongezi, vile vijiprogramu vya nyongeza, vya kila aina! Kimoja kazi yake ilikuwa kudondosha theluji kwenye ukurasa. Theluji, juu ya viti vya wagonjwa!

Nikaviondoa. Nikaweka ukurasa mweupe wenye picha za viti, saa za kazi, namba ya simu, na fomu ya vipimo, ili mtu wa mbali ampime mgonjwa wake nyumbani kwa tepu atutumie: upana wa nyonga, urefu wa paja, goti mpaka kisigino. Simu yangu iliufungua kabla sijapepesa jicho. Fomu zikaanza kuingia.

Ndipo nawe ukaufungua huko uliko. Video huioni, theluji huioni, ukadhani tovuti imevamiwa. Ukarudisha nakala yako ya akiba ya zamani, kisha ukanipigia kwa furaha: "Mdogo wangu, wavamizi nimewatimua wote!" Mvamizi ni mimi, kaka, na wakati huo nilikuwa nafua nepi.

Nakala yako ilifuta kila kilichoingia baada yake. Humo mlikuwa na vipimo vya binti mmoja anayetaka kuanza shule. Mama yake alivituma kwa fomu, na namba yake ya simu ilikuwa humo humo. Baba alikuwa ameshaleta mabomba ya kuundia kiti chake. Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, akasimama na msumeno mkononi: "Haya, nikate urefu gani?" Nilimuuliza Babu Kiraka kama vinapatikana, akasema kilichofutwa hivyo hakirudi. Mabomba yakalala sakafuni, nikiyaruka kila nipitapo na mtoto mgongoni.

Yule mama aliisubiri simu yetu mpaka akachoka, akaja mwenyewe. Alimbeba binti yake mgongoni tangu kituoni, na binti ni mkubwa, miguu inaning'inia. Akauliza akiwa mlangoni, "Nyinyi mafundi wa mtandaoni, mpo kweli au ni picha?" Baba alipiga goti, na mgongo wake ule, akaanza kupima upya. Kumbe binti alikuwa amerefuka tangu mama yake ampime. Usije ukasema afadhali vilipotea. Nakujua.

Kiti kimekwisha. Shule ameanza nacho.

Sasa lile ombi lako kwamba video irudi mbele. Umesema unapoomba kazi unaionyesha tovuti hii kuwa ni kazi ya mikono yako. Nimekuelewa, na natamani hiyo kazi uipate. Kwa hiyo nimeihifadhi tovuti yako nzima, na muziki wake na theluji yake, kwenye anwani ya pembeni. Nimekuandikia anwani hiyo nyuma ya karatasi hii. Waonyeshe. Lakini ukurasa wa mbele ni wangu, nimeujenga tena, na haubadiliki. Sitaki kumwona mama mwingine akifika hapa na mwanawe mgongoni.

Na hili nikuambie mimi kabla hujaligundua: nimekutoa kwenye usimamizi. Nenosiri lako bado linafungua, ila sasa wewe ni mwandishi. Unaweza kuandika, huwezi kurudisha nakala wala kufuta. Usinune. Baba anajua.

Kuna ukurasa nimeufungua kwa jina lako, nimeuita "Kiti cha Kwanza". Mpaka sasa hauna neno hata moja. Kile kiti cha Bibi, cha kwanza Baba kukiunda, bado kimetundikwa juu ya mlango wa karakana, na kila mteja anauliza kwa nini magurudumu yake ni ya baiskeli ya mtoto. Mimi nilikuwa mchanga, sikumbuki. Nilimwomba Baba anisimulie, akageuka akajifanya anatafuta spana. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Aandike yule aliyeitoa baiskeli yake."

Nisalimie sana wifi. Mama mkubwa anakusalimu, na Cheche pia, ingawa bado anakuita Theluji. Mungu akufungulie mlango wa kazi, na akulinde na hiyo baridi.

Ukurasa unakungoja, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Mvamizi