Majani Uliyoacha Kufagia

Mama mkwe wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo.

Unakumbuka siku nilipoletwa hapa Itetemia kutoka Lushoto? Wenzangu huingia ukweni na masufuria, mimi nilishuka kwenye treni na kopo la miche ya primula, yale maua mafupi ya kwetu kwenye baridi, yanayopenda kivuli na unyevu. Ukayatazama majani yake yaliyokunjamana, ukauliza, "Mboga gani hii? Inaungwa karanga?" Nilicheka mpaka nikasahau kwamba bibi harusi anatakiwa aone haya.

Nikayapanda nyuma ya nyumba, chini ya miembe ile uliyosema ilichipua kwenye kokwa walizotupa wapagazi wa misafara ya zamani. Kivuli kilikuwa kizuri kweli. Tatizo lilikuwa wewe, Mama. Kwetu majani ya miti tunayaacha yaanguke na kuoza, ndiyo yanayotunza mizizi isikauke. Wewe kila asubuhi, kabla sijaamka, ulikuwa umeshafagia uwanja mzima hadi katikati ya miche. Nilipokuomba uyaache, ulikuja juu: "We mwana, unataka majirani waseme nimemwoza mwanangu mke mvivu?"

Jua la Oktoba lilipowaka, miche ikaanza kufa mmoja mmoja. Kwa hasira nikakwambia ufagio wako ndio ulioiua. Mungu anisamehe, mkwe gani anamjibu mama mkwe wake vile? Siku mbili hukunisemesha zaidi ya salamu. Siku ya tatu nikakuona unarudi kwa jirani na kiroba cha majani makavu kichwani, ukayamwaga kwenye tuta langu. Jirani akakucheka kutoka uani kwake, eti siku hizi unaokota takataka. Ukamjibu bila hata kugeuka, "Kwako takataka. Hapa ni shuka la maua ya mkwe wangu." Hapo ndipo nilipokupenda, Mama. Kabla ya hapo nilikuwa nakuheshimu tu.

Tangu siku hiyo tuliyatunza wote. Ulikuwa unayamwagilia maji uliyooshea mchele, na yakichelewa kuchanua unayagombeza, nami nacheka jikoni.

Sasa nikwambie kilichonichoma. Siku ya msiba wako wanawake wa mtaa walikuja na fagio zao, kama ilivyo desturi, nyumba yenye msiba isionekane chafu. Nimeketi mkekani ndani, nikasikia fagio zimefika nyuma ya nyumba. Nilitaka kupiga kelele. Lakini utamkatazaje mtu anayekutendea wema msibani? Nilipotoka, tuta lote lilikuwa tupu, majani yameshachomwa, na miche iliyolegea imeondoka nayo. Ulibaki mche mmoja, nao una majani mawili.

Usinicheke, niliulilia ule mche kuliko nilivyolia makaburini. Niliona huo nao ukifa, nitakuwa nimekuzika mara mbili. Nikabeba kiroba, nikapita kwa majirani wale wale kuomba majani. Hakuna aliyenicheka. Nikaufunika, nikaumwagilia kiangazi chote kilichobaki, mpaka mvua zikaja, mpaka mvua zikaisha.

Jumapili hii, na baridi hii ya kipupwe, nimekwenda nyuma nikakuta ua moja limefunguka, la njano. Furaha ikanipanda, nikaita kwa sauti yangu yote, "Mama! Mama, njoo uone!"

Mwanao akatoka mbio, sabuni bado iko usoni. Nikaanza kujieleza kwamba nimepitiwa tu. Akanishika mkono, akasema, "Acha. Hata mimi huwa namwita."

Pumzika, Mama yangu.

Mkweo, mama wa wajukuu zako