Hodi ya Tatu

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Meno yangu mawili ya pembeni yamechongoka kama ulivyosema, na darasani wananiita Popo. Nimezoea.

Bibi, ulinionya kwamba sisi wanywa damu hatuwezi kuingia nyumba ya mtu mpaka tukaribishwe. Hukuniambia kwamba watu husema karibu hata kabla hodi haijaisha. Jirani yetu fundi cherehani alinikaribisha hivyo hivyo, bila kuinua macho. Binti yake, yule pekee anayekubali kukaa dawati moja nami, alikuwa anashona kifungo. Sindano ikamchoma. Naona aibu kuandika hili. Nilikinyonya kidole chake, nikachelewa kukiachia. Mwanzoni alicheka, kisha akaacha kucheka.

Jana alikuja kwetu, kidole kimefungwa kitambaa. Akapiga hodi. Mlango ulikuwa wazi, na yeye si kama sisi, angeweza kuingia tu. Akasubiri. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia, nimeziba mdomo kwa kiganja ili neno “karibu” lisinitoke. Hodi ya tatu aliisema polepole, akaenda zake.

Usimwambie Mama.

Mjukuu wako,
Popo